Lugha ya Tahadhari Barabarani: Kutoka Tawi la Mti hadi Rada katika Kitui na Makueni

Makala haya yanachunguza mifumo ya magari inayomtahadharisha dereva kabla ya kugongana, ikichukuliwa kuwa ni lugha: yupo mtoa ujumbe, yupo mpokeaji, na ipo ishara ambayo sharti ieleweke. Msomaji ana haki ya kuuliza breki na rada zinahusianaje na taaluma ya Kiswahili. Jibu limo barabarani.

Barabara kuu ya Nairobi–Mombasa hupitia Salama, Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi hadi Mtito Andei. Malori ya mizigo ya bandarini hupanda milima polepole huku mabasi yakiyafuata kwa kasi. Basi likienda kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu iliyowekwa na kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004, hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha kuliwa kabla breki hazijashika. Mbele yake huenda pakawa na lori lililokwama gizani bila taa.

Madereva hawakuwasubiri wahandisi. Lori likiharibika, utingo hukata matawi na kuyapanga nyuma ya gari, ingawa sheria inadai pembetatu zinazoakisi mwanga. Dereva wa lori akiwasha taa ya kushoto, anamwambia anayemfuata kwamba mbele ni kweupe, apite; akiwasha ya kulia, asubiri. Lakini taa ya kushoto ina maana rasmi pia: nageukia kushoto. Kwa istilahi za Ferdinand de Saussure, kiashiria ni kimoja na viashiriwa ni viwili. Anayesoma ruhusa pale mwenzake anapokusudia kuegesha tu hutoka kwenye safu yake na kukutana uso kwa uso na gari linalokuja. Katika ushairi utata ni pambo, hapa huua.

Mashine inadai kuondoa utata huo. Rada hutoa mawimbi yanayogonga kitu na kurudi, kisha kompyuta hugawa umbali kwa kasi ya kukaribiana. Basi likienda kilomita 80 na lori kilomita 20 kwa saa, hukaribiana kwa karibu mita 17 kila sekunde; mita 50 ni sekunde tatu. Mfumo hulia, na dereva asipoitika, hufunga breki wenyewe. Honda iliuza mfumo wa aina hii Japani mwaka 2003, na Subaru ikaleta EyeSight yake, inayotumia kamera mbili, mwaka 2008. Katika Umoja wa Ulaya, breki za namna hiyo zimekuwa lazima kwa magari yote mapya tangu Julai 2024.

Kenya huruhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yasiyozidi umri wa miaka minane, na mengi hutoka Japani. Kwa hiyo mifumo hii imekwisha kufika Wote na Kitui mjini, ila imefika ikizungumza Kijapani. Wakenya wengi wameamkiwa na gari linalowaarifu kwamba kadi ya kulipia barabara haijatiwa, wakadhani ni salamu. Hilo halina madhara. Lakini dashibodi hiyohiyo ndiyo hueleza kwamba kamera imezibwa na vumbi na mfumo umezimika. Asiyeweza kuisoma huendelea kumwamini mlinzi aliyelala.

Isitoshe, kamera hutambua kile ilichofundishwa. Mwaka 2017 kampuni ya Volvo ilikiri kwamba kangaruu wa Australia waliutatiza mfumo wake, kwa kuwa warukapo umbali wao haukadiriki vyema. Nani amewahi kuifundisha kamera punda wa Makueni aliyebeba mitungi ya maji, au bodaboda ya Kitui iliyofunikwa na magunia ya makaa? Na kuna hatari zisizokuwamo kabisa katika msamiati wake. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu karibu na Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Rada ya mgongano hutafuta kitu kilicho mbele; kina cha maji haikijui.

Endapo mifumo hii itatafsiriwa, uchaguzi wa maneno si jambo dogo. “Onyo” limebeba kemeo. “Tahadhari” inafaa zaidi kuwa jina la mfumo. Ujumbe wenyewe haufai kuwa sentensi. “Tafadhali punguza mwendo, gari la mbele liko karibu” huchukua kama sekunde tatu kutamkwa, yaani zile mita 50 zote. “Breki!” ni silabi mbili. Makanga wa matatu wamefupisha zaidi: hupiga bodi kwa kiganja, na dereva, awe Mkamba au mgeni, husimama.