Gemu Kwanza, Tokeni Baadaye

Haya wadogo zangu mnaotengeneza gemu za blokucheini, sogeeni tuongee. Wengi wenu nikiwauliza mmefika wapi, mnanionyesha hesabu za tokeni: nani atapata ngapi, lini, kwa bei gani. Gemu yenyewe bado. Dada yenu nasema mmeanzia mwisho.

Itazameni Axie Infinity, ya kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam. Mwaka 2021 ilivuma kwelikweli Ufilipino. Korona ilikuwa imewanyima watu kazi, wakawa wanapata riziki kwa kupiganisha vijinyama viitwavyo Axie kwenye simu na kulipwa tokeni ya SLP. Kuanza tu kulihitaji Axie watatu wa kununua. Asiye nao aliazimwa na mwenye nao, kisha wakagawana mapato. SLP zilitumika hasa kuzalisha Axie wapya, na hao walisubiri wachezaji wapya wa kuwanunua. Wageni walipopungua, tokeni zikafurika. SLP iliyopita senti 30 za Marekani Julai 2021, mapema 2022 ilikuwa chini ya senti moja. Wachezaji wengi wakaaga. Aliyefuata ujira, ujira ukiisha naye huondoka. Mwaka huohuo Sky Mavis wakaleta toleo la Origins, na humo mgeni anapewa Axie wa kuanzia bure.

Kijiweni watu huvutana kwenye drafti hadi giza liingie, na hakuna anayewalipa. Tafuteni raha ya namna hiyo kwanza. Tengeneza raundi moja fupi, umpe mtu simu. Usimweleze kitu, usimtajie zawadi. Nyamaza, mtazame kidole gumba. Akishindwa anaguna na kubonyeza kuanza upya, au anakurudishia simu akisema "nzuri"? Huyo wa "nzuri" amekustahi tu, mdogo wangu. Rudi kazini.

Blokucheini ina kazi yake: kumpa mchezaji umiliki wa kitu alichokihangaikia, akitunze au akiuze. Ila usimdai mtu pochi ya kidijitali kabla hajaonja gemu. Na kila tokeni unayotoa iwe na matumizi ya kufurahisha ndani ya gemu. Ikiwa kazi yake ni kuuzwa tu, itauzwa hadi iishe thamani.

Wiki hii tafuta watu watano wasiokufahamu, wacheze. Wakirudi kesho yake bila kuahidiwa hata senti, hapo una gemu, na mambo ya tokeni tutayapanga pamoja.