Tairi laini si dawa ya kila kiwanja

Swali: Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan huruka kutoka lami ya Uwanja wa Abeid Amani Karume na kutua kwenye changarawe za hifadhi za bara. Mbona zote zisifungwe tairi pana, laini? (Msomaji, Mji Mkongwe)

Jibu: Hoja yako ina nguvu. Tairi huikandamiza ardhi kwa kiasi kinachokaribia upepo uliomo ndani yake. Tairi pana lenye upepo mdogo hutawanya uzito, halizami kwenye udongo laini, na hulikumbatia jiwe badala ya kupasuliwa nalo. Lakini Unguja ina masika. Kwenye lami iliyotuama maji, tairi lenye upepo mdogo huelea mapema: kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, tairi la pauni 36 kwa inchi ya mraba huanza kuelea kwenye takriban kilomita 100 kwa saa, na la pauni 64 kwenye takriban 133. Likielea, breki hazishiki.

Utasema tairi gumu basi ndilo salama. Hapana, kwani hilo huchimba ardhi laini na kurusha kokoto. Kwa hiyo tairi huchaguliwa kwa kupima njia nzima ya ndege. Maabara husaidia: tairi huzungushwa kwenye pipa kubwa chini ya mzigo, kisha hujazwa hadi mara 4 ya upepo wake rasmi bila kupasuka. Hata hivyo, pipa hilo halina mawe. Ukaguzi wa tairi kabla ya kila safari na ufagiaji wa kiwanja ni sehemu ya usalama uleule, na haupaswi kurukwa hata siku moja.