Mgonjwa wa Figo Asilale na Njaa
Ndugu mkimbizi, uwe Makebuko au Muyinga, ukiambiwa upunguze maharage kwa sababu ya ugonjwa sugu wa figo, usipunguze sahani nzima. Mwili ukikosa chakula cha kutia nguvu unakula misuli yake wenyewe, na taka zinazotoka humo zinaziongezea figo mzigo. Mtu mzima mwenye ugonjwa huu anahitaji kilokalori 25 hadi 35 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Ukiwa na kilo 50, ni 1,250 hadi 1,750. Zitoke wapi? Ugali, wali, na hasa mafuta ya kupikia: kijiko kikubwa kimoja kina karibu 120, bila protini. Kwa hiyo mafuta ya mgawo usiyauze yote! Chumvi, kidogo tu. Anayesafishwa damu kwa mashine huhitaji protini zaidi. Yeye afuate maagizo ya daktari wake.