Moshi Usiouona

Je, umewahi kusimama kituoni Ubungo asubuhi, daladala ikaondoka na kukuachia wingu jeusi usoni? Unakohoa, unaziba pua, unamlaani dereva. Sawa. Lakini lile gari dogo la petroli lililokuwa linanguruma pembeni yako, wala hukuliona likitoa moshi, nalo lilikuwa linakulisha sumu.

Tuanze na huo mweusi. Dizeli isipopata hewa ya kutosha inapoungua hutoa masizi. Ndiyo maana lori lenye shehena likipanda mlima, au dereva akikanyaga mafuta ghafla, utadhani ni tanuri. Chembe zake ni ndogo mno, zinapita koo hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka wazi kwamba moshi wa dizeli unasababisha saratani ya mapafu. Afrika Mashariki iliweka kiwango cha dizeli yenye salfa kidogo mwaka 2015. Hatua nzuri, ila nozeli mbovu haisomi sheria!

Petroli ina ujanja wake. Hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni, na haibanduki upesi. Kichwa kinauma, unasikia kizunguzungu, unadhani ni njaa. Hutoka kwa wingi injini ikiwa bado baridi, na gari likikaa kwenye foleni, simama-ondoka, simama-ondoka, mafuta yanaungua lakini safari haiendi. Bajaji za gesi hazina masizi mengi, lakini nazo zinatoa moshi.

Sasa wewe unayeuza maji kwenye foleni ufanyeje? Siwezi kukwambia uache kazi, utakula nini? Ila usisimame nyuma ya bomba. Mfuate mteja dirishani kutokea mbele, upande upepo unakotoka. Kichwa kikianza kugonga, toka ukapumzike penye hewa. Kama wewe ni konda au fundi, usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa, hata kwa dakika chache. Watu wamekufa hivyo, kimya kimya. Na kile kitambaa unachojifunga puani? Kinapunguza masizi kidogo tu. Kaboni monoksidi inapita kama hakipo.