Uhakiki wa Matini za Afya Mtandaoni: Kijana wa Kisii na Nyamira

Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba mbinu za uhakiki tunazofunza katika fasihi zinaweza kumfaa kijana anayetafuta ushauri wa afya katika intaneti. Mfano wetu ni malaria katika Kisii na Nyamira.

Katika nyanda hizi za juu zenye baridi, malaria haikuzoeleka kama ilivyo kando ya Ziwa Viktoria. Kwa hivyo, milipuko ya miaka ya 1990 iliwaangusha watu wazima pamoja na watoto, kwa kuwa miili yao haikuwa imejenga kinga ya kutosha. Mahali kama hapa, tiba isiyofaa huweza kuua.

Tuchukue mwanafunzi wa shule ya upili ambaye nduguye ameshikwa na homa usiku. Anaandika “dawa ya malaria” katika simu, na kupata ukurasa unaosifu Fansidar. Je, ukurasa huo unadanganya? La. Mwaka 1998 Kenya iliifanya salfadoksini-pirimethamini kuwa tiba ya kwanza ya malaria. Hata hivyo, vimelea viliizoea, na mnamo 2004 serikali ikaamua kuweka artemetha-lumefantrini mahali pake. Swali la kwanza la mhakiki, basi, ni: matini hii iliandikwa lini?

Swali la pili linahusu maana. Neno “dawa” hubeba mengi: kinachotibu, kinachokinga, kinachotuliza, hata kinachoua wadudu. Parasetamoli hushusha homa bila kuua vimelea. Salfadoksini-pirimethamini yenyewe bado hutolewa kwa wajawazito katika maeneo yenye malaria nyingi, lakini kama kinga. Msomaji asiyetofautisha maana hizi atapotoka hata akisoma matini ya kweli.

Swali la tatu ni la mtunzi: nani anasema, na ananufaika vipi? Anayesifu chai ya pakanga huenda ndiye anayeiuza. Ni kweli kwamba artemisinini hutokana na mmea wa jamii hiyo, ila Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya chai hiyo kutibu malaria.

Aidha, si kila homa ni malaria. Kipimo cha damu katika kituo cha afya ndicho huamua. Kwa kuhitimisha, tunapendekeza walimu wa Kiswahili walete matini ya aina hii katika kipindi cha ufahamu, wanafunzi waiulize maswali haya matatu kabla hawajalazimika kuyauliza peke yao, usiku, kando ya mgonjwa.