Somo la 12: Wageni wa Visiwa vya Palau

Wahenga walisema: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni huleta habari. Mgeni huleta zawadi. Siku hizi mgeni huleta fedha pia. Lakini wageni wakiwa wengi kuliko wenyeji, je, mwenyeji atapona? Katika somo hili tutasoma habari za nchi ndogo iliyopata swali hilo, na jinsi ilivyolijibu.

1. Nchi yenyewe

Palau ni nchi ya visiwa. Iko mbali sana na sisi, katika Bahari ya Pasifiki, mashariki ya Ufilipino. Ina visiwa mamia, lakini watu wanakaa katika vichache tu. Wenyeji na wakazi wote ni kama watu 18,000. Wengi wanakaa katika mji wa Koror.

Kwa desturi, wanaume wa Palau huvua samaki. Wanawake hulima magimbi katika mashamba yenye maji.

Wajerumani walitawala Palau tangu mwaka 1899 mpaka 1914. Wakati huo walitawala Tanganyika pia. Baada yao walitawala Wajapani, kisha Wamarekani. Palau ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1994.

2. Wageni wanakuja kuona nini?

Wageni hufika kwa ndege. Asubuhi mashua huwachukua kutoka Koror na kuwapeleka baharini.

Kwanza, huona Visiwa vya Miamba. Ni visiwa 445 vya mawe ya chokaa, visivyokaliwa na watu. Maji yamevila kwa chini. Kwa hiyo vingi huonekana kama uyoga uliosimama baharini. Mwaka 2012 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Pili, huona papa na taa wakubwa. Wageni huvaa mitungi ya hewa, wakazama. Mahali pengine mkondo wa maji ni mkali. Hapo hujishikiza kwenye mwamba kwa kulabu yenye kamba, wakawatazama papa wakipita. Taa huwaona karibu na mfereji ambao Wajerumani waliukata katika mwamba ili meli zipite.

Tatu, huona mambo ya nchi kavu. Huko Airai iko nyumba ya mikutano ya wazee, yenye umri wa zaidi ya miaka 100. Nyumba ya namna hiyo huitwa "bai". Mbao zake zimechorwa picha za hadithi za kale. Katika kisiwa cha Peleliu wageni huona mapango na vifaru vyenye kutu. Hapo Wajapani na Wamarekani walipigana vita vikali mwaka 1944.

3. Ziwa la konyeza

Kitu kinachowashangaza wageni wengi ni ziwa moja la maji ya chumvi. Ziwa hilo liko katikati ya kisiwa. Mgeni hupanda kilima kidogo chenye msitu, kisha huteremka mpaka majini.

Ndani ya ziwa wamo konyeza wengi sana, wenye rangi ya dhahabu. Konyeza ni mnyama laini wa baharini mwenye umbo la mwavuli. Konyeza wengi wa baharini huwasha vikali. Hawa wa ziwani hawamdhuru mtu, kwa maana mwasho wao ni mdogo mno. Mgeni huogelea katikati yao bila hofu.

Konyeza hawa hulifuata jua. Asubuhi huenda upande wa mashariki. Mchana hurudi upande wa magharibi. Kwa nini? Ndani ya miili yao umo mwani mdogo sana usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na konyeza hula sehemu ya chakula hicho. Ni kama mkulima anayetembea na shamba lake.

Mwaka 1998 konyeza wa dhahabu walitoweka. Walirudi baada ya muda. Mwaka 2016 walipungua tena sana. Sababu ni hali ya hewa iitwayo El Niño. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua kwa mvua na mafuriko, kama ya mwaka 1997 na 1998. Kumbe huko Palau huleta ukame. Maji ya ziwa yalizidi joto na chumvi. Wageni wakaacha kupelekwa ziwani. Konyeza walipoongezeka tena, mwaka 2019 wageni walikuwa wakiogelea humo kama zamani.

4. Wageni walipozidi

Mwaka 2015 wageni zaidi ya 150,000 walifika Palau. Maana yake, kwa kila mkazi mmoja walikuja wageni wanane. Wenye mashua, wenye hoteli na wapishi walipata kazi. Serikali ilipata kodi.

Lakini bahari iliumia. Matumbawe ni vitu vyenye uhai, navyo hukua polepole sana. Mguu mmoja wa mgeni huvunja katika dakika moja kitu kilichokua kwa miaka mingi. Tena, mafuta ambayo wageni hujipaka kuzuia jua yana dawa. Nyingine kati ya dawa hizo hudhuru matumbawe. Matumbawe yakifa, samaki hukosa makao. Mvuvi naye hukosa kitoweo.

5. Wenyeji walifanya nini?

Tangu kale Palau ina desturi iitwayo "bul". Samaki wakipungua, au wakati wa kuzaa ukifika, machifu hufunga sehemu ya bahari. Hakuna ruhusa ya kuvua hapo mpaka ifunguliwe. Sheria za leo zimefuata njia hiyo ya wazee.

Mwaka 2009 Palau ilikataza kuvua papa kwa biashara katika bahari yake yote. Mwaka 2011 wataalamu walipiga hesabu. Papa mmoja akiuzwa mzoga huleta kama dola 108 za Marekani, mara moja tu. Papa huyohuyo akiishi, wageni huja kumwona. Katika maisha yake huleta kama dola milioni 1.9.

Mwaka 2018 kila mgeni alianza kulipa dola 100 katika bei ya tiketi ya ndege. Mwaka 2020 mafuta ya jua yenye dawa zinazodhuru matumbawe yalipigwa marufuku.

6. Ahadi ya mgeni

Wahenga wetu pia walisema: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Palau humpa mgeni jembe siku ya kwanza! Tangu Desemba 2017 ahadi hupigwa mhuri katika pasi ya mgeni. Mgeni hutia saini kabla ya kuingia nchini. Huwaahidi watoto wa Palau kwamba atavitunza visiwa vyao, na kwamba hatachukua kitu asichopewa. Watoto wa Palau wenyewe walisaidia kuitunga.

Mwaka 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulifunga mipaka, na wageni wakaacha kuja. Wengi walikosa kazi. Lakini magimbi yalikuwapo shambani, na samaki walikuwapo baharini. Fedha za mgeni ni nzuri, lakini huja na kuondoka. Bahari na shamba ni vya mwenyeji siku zote. Akivitunza, atapona mgeni akija, na atapona mgeni asipokuja.

Maneno mapya

kulabu: chuma kilichopindwa cha kushikia kitu
matumbawe: mawe ya baharini yanayojengwa na wanyama wadogo sana
mkondo: maji yanayokwenda kwa nguvu upande mmoja
marufuku: jambo lililokatazwa

Maswali

1. Kwa nini konyeza wa ziwani hulifuata jua?
2. "Bul" ni nini? Nani huitangaza?
3. Kwa nini papa hai ana faida kuliko papa aliyekufa?
4. Hesabu: Wageni 12 wanalipa dola 100 kila mmoja. Jumla ni dola ngapi?
5. Jadilianeni: Katika kijiji chenu kuna msitu, mto au mahali ambapo wazee walikataza kukata au kuvua? Katazo hilo lilisaidia nini? Je, bado linafuatwa?