Sauti Katika Ukungu

Ninyi mkaao Musoma, nanyi wa Bunda na Butiama mliopata kushuka ziwani alfajiri, huenda mmeuona ukungu umetanda juu ya maji. Visiwa hutoweka, na mwamba ulio karibu hauonekani tena. Mvuvi aliye mtumbwini hajui pwani iko upande gani. Je, afanye nini?

Mtu atasema, "Mnara wa taa utamwongoza." Kweli, mnara ni kitu chema. Ule wa kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, ulijengwa mwaka 1904 ili taa yake iwaonye mabaharia. Lakini ukungu ni matone madogo mno ya maji yaliyo hewani. Mwanga ukiyapiga hutawanyika, wala haufiki mbali. Hapo jicho limeshindwa, na kazi ni ya sikio.

Kwa hiyo katika nchi zenye ukungu mwingi watunza minara walipiga kengele, na wengine mizinga. Mwaka 1859, katika kisiwa cha Partridge, nchi ya Kanada, iliwekwa honi iliyolia kwa nguvu ya mvuke, kwa kufuata shauri la Robert Foulis. Sauti yake ilikuwa nene, kwa maana sauti nene hufika mbali kuliko nyembamba. Ndivyo ilivyo ngoma ya kijiji cha mbali: mshindo wake waja, na sauti za waimbaji haziji.

Meli nazo zina sheria yao. Kwa kanuni za bahari za mwaka 1972, meli ya injini iendayo katika ukungu hupiga honi ndefu, nayo huirudia kabla dakika 2 hazijapita. Meli kubwa iliyotia nanga hupiga kengele upesi upesi kwa sekunde 5 hivi, kila dakika. Basi asikiaye hujua kama mwenziwe anakwenda au ametia nanga.

Mtunza honi hakuwa na ruhusa ya kusinzia. Kama angalinyamaza kitambo tu, baharia angalidhani njia ni salama, na kimya kile kingalikuwa uongo wa kuua watu.

Naye mvuvi wetu asiye na honi na apige debe, kisha atulie asikilize, apige tena.

Maswali
1. Kwa nini taa haifai sana katika ukungu?
2. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukipiga debe, na mwangwi ukakurudia toka mwambani baada ya sekunde 2, mwamba uko mbali mita ngapi?